Jasho si ushahidi

Wiki hii niliahidi kwamba tungeendelea na somo letu la hifadhidata. Litangoja. Kuna jambo linanikera rohoni na nisipolitoa leo sitalala.

Miezi michache iliyopita nilipigiwa simu na mkurugenzi wa kituo kimoja cha kurekebisha waraibu (sitakitaja, msiniulize). Tulipokutana alinikaribisha chai, akafungua kipakatalishi chake, akanionyesha mchoro wa kitu alichotaka nimuundie. Kila mgonjwa avae bangili ya kielektroniki. Ofisini kuwe na skrini kubwa, na kila mgonjwa awe na rangi yake. Kijani: ametulia. Manjano: ana msongo. Nyekundu: yuko karibu kurudia dawa. Rangi ikigeuka nyekundu, ujumbe mfupi uende kwa kituo, kwa mzazi, na kama ana kazi, kwa mwajiri pia, "kwa sababu ndiye anayelipa".

"Mdogo wangu," akaniambia, "hawa watu wanadanganya. Mashine haidanganyi."

Nilikubali kufanya majaribio kwa sababu mbili. Ya kwanza ni pesa, sitaki kujifanya mtakatifu hapa. Ya pili ni binamu yangu. Tumelelewa nyumba moja Mombasa, tumekula sahani moja, na huu ni mwaka wake wa tatu wa kunywa methadoni kila asubuhi ili aachane na unga. Nilidhani nikiandika programu nzuri nitamsaidia yeye na wenzake. Ameniruhusu kuandika yanayofuata. Jina lake nimemwachia mwenyewe.

Sasa nataka niwaambie kwa nini niliikataa kazi ile, na kwa nini naona mtu yeyote anayejua kuandika programu aikatae.

Tuanze na kile ambacho bangili hupima, kwa maana watu wengi wanaizungumzia kama kwamba ina macho ndani ya moyo. Vihisi vyake ni vya aina nne hivi. Kimoja hupitisha umeme mdogo sana kwenye ngozi na kupima jinsi unavyopita. Ukishtuka, neva zinazoandaa mwili kwa hatari huamsha tezi za jasho, ngozi hupata unyevu, umeme hupita kwa wepesi zaidi. Jambo hili halina upya wowote: Mfaransa Charles Féré alilieleza mwaka 1888. Kihisi cha pili humulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kuhesabu mapigo ya moyo kwa kuangalia jinsi damu inavyoumeza mwanga huo. Cha tatu hupima mwendo wa mkono. Cha nne hupima joto la ngozi. Basi. Mengine yote mnayoyasikia ni makisio ya programu.

Sisemi kwamba makisio ni upuuzi. Rosalind Picard wa MIT alitoa kitabu kuhusu tarakilishi na hisia za binadamu mwaka 1997, na kampuni aliyoshiriki kuianzisha, Empatica, ilipata kibali cha serikali ya Marekani mwaka 2018 kwa bangili inayosaidia kutambua kifafa. Daktari Stephanie Carreiro wa Chuo Kikuu cha Massachusetts na wenzake waliwavisha bangili wagonjwa 30 waliopewa dawa kali za maumivu hospitalini, wakaona mwendo ukipungua na joto la ngozi likipanda. Hiyo ni sayansi ya kweli, na ninaiheshimu. Lakini angalieni inachopima: kifafa, au dawa ikiwa TAYARI iko mwilini. Mkurugenzi wangu alitaka kitu kingine kabisa. Alitaka kujua nia ya mtu kabla hajatenda.

Jasho halina nia. Nilivaa bangili ile kwa siku tisa ili nijaribu programu yangu. Mnajua ni lini nilikuwa "mwekundu" kuliko wakati wote? Siku nilipopandisha mtungi wa maji wa lita 20 hadi ghorofa ya nne. Nafasi ya pili ilienda kwa mikwaju ya penalti. Ya tatu, matatu iliyokuwa na spika chini ya kiti changu. Na siku niliyopokea habari mbaya kweli kweli kutoka nyumbani, nikakaa kitandani bila kusogea, bangili ilisema nimetulia.

Haya, mimi si mraibu. Tumchukue binamu yangu, ambaye aliivaa kwa hiari yake wiki mbili. Kwanza, methadoni yenyewe humfanya mtu atoke jasho. Hayo ni madhara yanayojulikana sana, muulizeni mhudumu yeyote wa kliniki. Pili, arosto nayo huleta jasho na moyo kwenda mbio. Kwa hiyo dozi ikimkolea anatoka jasho, na ikimpungukia anatoka jasho. Tatu, Mombasa! Mwezi wa pili, saa nane mchana, nani hatoki jasho? Kila asubuhi kwenye foleni ya kliniki, mahali pale pale anapofanya jambo sahihi kuliko yote ya siku yake, bangili ilimwandika nyekundu.

Kisha ikaja jioni moja ya Alhamisi. Aliondoka nyumbani akiwa na pesa mfukoni, akaelekea maskani ya zamani. Alifika hatua mia chache kutoka hapo, akapigiwa simu na mwenzake wa kliniki aliyetaka tu kujua kama ataenda mazikoni kesho yake. Wakaongea. Akageuza, akarudi. Aliponisimulia nilikimbilia data, nikitarajia kuona mlima wa nyekundu. Saa nzima ile ilikuwa KIJANI.

Nikamwonyesha. Akacheka. "Kiu ilinitesa mchana," akasema. "Jioni nishaamua. Mtu akishaamua anatulia, ndugu yangu. Hiyo saa yako ingeniona natulia ingenipa hongera."

Najua, mtu mmoja na jioni moja si utafiti. Lakini tazameni basi utafiti. Mojawapo ya programu bora zilizowahi kutengenezwa za kupima msongo nje ya maabara inaitwa cStress, ilitolewa mwaka 2015 na kikundi cha Santosh Kumar wa Chuo Kikuu cha Memphis. Nayo ilitumia vihisi vya kifuani vinavyosoma moyo na pumzi, si saa ya bei nafuu. Kwenye maabara ilinasa asilimia 89 ya msongo, na ikakosea kwa kupiga kengele ya uongo asilimia 5 ya nafasi zilizokuwa shwari. Nje ya maabara, kwenye maisha ya kawaida, ililingana na walichosema watu wenyewe kwa asilimia 72.

Asilimia 89 inasikika vizuri, sivyo? Chukueni kalamu. Tufanye mtu yuko macho saa 16, yaani dakika 960, na programu inakagua kila dakika. Tuseme katika siku hiyo ana dakika 10 za hatari ya kweli, zile ambazo akili inasema "twende". Tuipendelee mashine kwa kutumia namba zake nzuri za maabara: kati ya dakika 10 itanasa 9. Zimebaki dakika 950 ambazo hana hatari. Asilimia 5 ya 950 ni karibu 48. Kwa hiyo kwa siku moja kengele inalia mara 57, na mara 9 tu ndiyo ya kweli. Kengele moja kati ya sita! Zile tano zingine mama mtu anapokea ujumbe kwamba mwanawe yuko karibu kuanguka, kumbe anapanda ngazi.

Hapa nimefanya kama kwamba msongo na kiu ni kitu kimoja. Sivyo. Kuna kiu inayokuja wakati wa furaha, siku ya mshahara, siku ya harusi. Kuna msongo mkubwa usio na kiu hata chembe, mathalani kupeleka mtoto hospitali usiku. Anayeuza bangili ya msongo kama bangili ya kiu anauza kipimajoto na kukiita kipimo cha malaria.

Halafu kuna ngozi zetu. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani kuhusu kifaa kile cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Ulionyesha kwamba kifaa hicho kilikosa kuona upungufu hatari wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Kifaa hicho nacho hutumia mwanga unaopita kwenye ngozi, na kilikuwa kimetumika mahospitalini kwa miongo kadhaa. Kwa upande wa mapigo ya moyo kwenye saa za mkononi, utafiti mwingine wa mwaka huo huo haukuona tofauti kubwa ya rangi. Uliona kwamba makosa huongezeka mtu anapotembea. Basi sisemi kila saa inatubagua. Nasema yule mkurugenzi hakuwa ameuliza, na muuzaji hakuwa amemwambia.

Sasa tuseme nimekosea yote hayo. Tuseme kesho kuna bangili isiyokosea kamwe. Je, ningeiandikia programu ile? Bado HAPANA, na hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Swali si kama bangili inaona. Swali ni nani anayeonyeshwa. Mfumo ule haukuwa na skrini hata moja ya mgonjwa mwenyewe. Nilirudia mchoro mara tatu nikitafuta. Mzazi alikuwa na skrini, kituo kilikuwa na skrini, mwajiri alikuwa na ujumbe wake. Mwenye mwili, mwenye jasho, mwenye vita, hakuwa na kitu ila mkanda wa kuvaa.

Tumeshaona mambo haya yanakoelekea. Mashine ya kutambua uongo ilianza kutumiwa na polisi wa Berkeley huko California mwaka 1921, na baadaye kipimo cha umeme wa ngozi kikawa sehemu yake, kihisi kile kile nilichopewa mimi. Ilichukua hadi mwaka 1988 kwa Marekani kupitisha sheria ya kuwakataza waajiri wengi binafsi kuitumia kwa wafanyakazi. Mwaka 2003 jopo la wanasayansi wa nchi hiyo likasema wazi kwamba haifai kuchujia watu. Mwaka huo huo wa 2003 mahakama za huko zikaanza kutumia bangili ya mguuni ya SCRAM, inayopima pombe kwenye jasho kila nusu saa. Hiyo angalau inapima pombe yenyewe, si hofu ya mtu. Na angalau haijifichi: kila mtu anajua ni amri ya mahakama, si tiba. Yule mkurugenzi alitaka pingu, aziite dawa.

Na data ikishatoka mkononi hairudi. Mwezi wa nne 2024, tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliichukulia hatua kampuni ya Monument, inayotibu uraibu wa pombe kupitia mtandao, kwa kupeleka taarifa za wateja wake kwa makampuni ya matangazo baada ya kuwaahidi siri. Watu walioenda kutafuta msaada wa pombe! Kampuni ya Pear Therapeutics ilipata kibali mwaka 2017 cha programu ya simu ya kusaidia waraibu, ikasifiwa kote, na mwezi wa nne 2023 ikafilisika. Ukijenga tiba juu ya seva ya mtu, jiulize siku akifunga duka nani atarithi seva.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inasema habari za afya ni data nyeti. Inasema aliyekubali anaweza kuondoa kibali chake wakati wowote. Inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Nilimuuliza mkurugenzi: mgonjwa akivua bangili itakuwaje? Akanijibu bila kusita: "Akivua, maana yake ana kitu anaficha. Tunamtoa kwenye programu." Ndugu zangu, kibali ambacho ukikiondoa unafukuzwa si kibali.

Najua mtakayoniambia, kwa sababu mama yangu mdogo, mama yake huyo binamu, ameshaniambia. "Mwanangu, wewe hukuwa ukiamka usiku kumtafuta. Hukuuziwa masufuria yako. Ningepewa bangili ile miaka mitano nyuma ningeifunga kwa waya." Sina jibu la kumnyamazisha, wala sitaki kumnyamazisha. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na aliyezika jirani anajua kidogo pia. Amani ya mzazi ni kitu cha haki.

Ila nilimuuliza hivi: "Mama, ujumbe ungekuja mara 57 kwa siku. Ungefanya nini?" Akafikiri. "Ningempigia." Na mara ya kumi? "Ningemgombeza." Na yeye angefanya nini? Hapo alinyamaza, akaniongezea chai. Sote wawili tulijua. Angeivua, angemvisha mtu mwingine, angeanza upya kuishi kwa kujificha. Kujificha ndiko walikokuwa wakitokea.

Wengine watasema: je, mtu akizidisha dozi afe, si heri kengele? Hilo ni suala jingine, na nalikubali kwa mikono miwili. Heroini ikizidi huua kwa kuzima pumzi. Pumzi inapimika, na naloksoni ikiwahi humrudisha mtu. Kengele ya kuokoa maisha kwa dakika chache, inayoita mtu wa karibu mwenye dawa na si polisi, nitaiandika bure. Kesho asubuhi. Lakini hiyo hupima pumzi inayokatika, haimhukumu mtu kwa jasho.

Je, bangili ya msongo ina kazi yoyote? Naam, inaweza kuwa nayo. Niliandika toleo langu na kumpelekea mkurugenzi, lenye masharti haya:

1. Data ibaki kwenye simu ya mgonjwa. Hakuna seva.
2. Skrini ya kwanza na ya pekee ni yake. Mshauri ataona kile mgonjwa atakachochagua kumwonyesha, wakiwa wamekaa pamoja.
3. Hakuna rangi nyekundu wala neno "hatari". Bangili itetemeke kidogo tu na kuuliza: uko sawa? Yeye ndiye wa kujibu, au kutojibu.
4. Kuwe na kitufe kimoja kikubwa cha kumpigia mtu aliyemchagua mwenyewe. (Hiki nilikiweka kwa ajili ya ile simu ya Alhamisi.)
5. Kuvua bangili kusiwe na adhabu yoyote. Kufuta kila kitu kuwe ni kubonyeza mara mbili.
6. Mwajiri asiwemo kabisa.

Alisoma ukurasa mzima, akavua miwani. "Hii sasa itamsaidia nani?" akauliza. Nikamwambia, mgonjwa. Akasema, "Mgonjwa si ndiye anayelipa." Hapo nikajua nilipo. Nilirudisha malipo ya kwanza na bangili zake zote mbili.

Jambo la mwisho, kwa wale wanaopenda takwimu kama mimi. Kenya ilianza kutoa methadoni mwaka 2014 pale Mathari, Nairobi, na mwaka 2015 Malindi. Muhimbili, Dar es Salaam, walitutangulia mwaka 2011. Dawa hiyo ina ushahidi wa miongo mingi duniani kwamba inapunguza vifo. Kinachowakwamisha wengi si ukosefu wa kengele. Binamu yangu amekosa dozi mara nne tangu aanze, na mara zote nne ilikuwa nauli. Ada ya mwezi ambayo kituo kile kilipanga kutoza kwa kila bangili ingemlipia nauli ya kwenda na kurudi kliniki kwa wiki tatu. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili, kwa sababu iliniuma.

Wiki iliyopita nimesikia kwamba mkurugenzi amempata kijana mwingine, naye ameanza kazi. Simjui. Huenda anasoma hapa. Kama ni wewe, sikutukani, najua kodi ya nyumba ni tarehe ngapi. Nakuomba jambo moja tu: kabla hujaandika ule ujumbe wa kwenda kwa mwajiri, ivae wewe wiki moja, na ujumbe wote uende kwa bosi wako. Kisha uniandikie hapo chini ilikuwaje.

Somo la hifadhidata litarudi wiki ijayo, inshallah. Alamsiki.